Kutembea mashambani Uingereza na marafiki: jiko la baa kwanza

Mkipanga matembezi ya kundi huko vijijini, msianze na ramani. Anzeni na saa za jiko la baa mtakayolia chakula. Baa nyingi za vijijini hupika mchana, kisha jiko hufungwa hadi jioni. Mkifika saa tisa mkiwa kumi na njaa zenu, mtaambulia bia na pakiti za krispi. Pigeni simu siku mbili tatu kabla, mtaje idadi, na kama mna mbwa au watoto waulizeni kabisa.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya Edale, kijiji cha Derbyshire. Mnashuka treni Edale, mnapanda mlima hadi Hollins Cross, juu ya ukingo, mnateremka kijiji cha Castleton kula, halafu mnamalizia kijiji cha Hope kwa njia ya tambarare. Edale na Hope ziko kwenye reli moja ya Manchester na Sheffield, kwa hiyo hakuna anayeendesha gari na hakuna haja ya kurudi mlikotoka.

Mapumziko marefu ya baani yawe baada ya mlima, kamwe si kabla. Mteremko ule ukilowa unateleza kweli. Asiyekunywa pombe asione haya kuingia, chai na soda zipo. Viatu vyenye tope vueni mlangoni, mageti ya mifugo myaache kama mlivyoyakuta. Na Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo ondokeni na treni ya asubuhi mapema.