Oili ya Gia Otomatiki Inavuja au Inachemka? Pima Paipu Kabla ya Kushusha Giaboksi

Gari linachelewa kushika gia, oili inanuka kuungua, giaboksi inashushwa. Kumbe tatizo liko kwenye zile paipu mbili zinazopeleka oili ya gia, yaani ATF, kupoozwa kwenye rejeta na kuirudisha. Kwa kawaida ATF hufanya kazi kwenye nyuzi joto 80 hadi 95 za Selsiasi. Ikizidi 120 inaharibika haraka na kuacha utando unaokwamisha valvu.

Hatua ya 1: Tambua kinachodondoka

Usiamini rangi, maana hata kulanti, yaani maji ya kupozea injini, huwa nyekundu. Dondoshea tone kwenye glasi ya maji: ATF huelea, kulanti huchanganyika.

Kisha osha paipu kwa dawa ya kuondoa grisi, zikaushe, washa injini dakika 15 na utazame upya kuanzia juu. Upepo husukuma oili nyuma, hivyo palipolowa zaidi mara nyingi sipo panapovuja. Kagua mpira unapobanwa na chuma, oringi (pete za mpira) za viungio, na kila mahali paipu inaposuguana na chesisi.

Hatua ya 2: Chungulia rejeta injini ikiwa imepoa kabisa

Ukikuta uji mzito wa rangi ya waridi, kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka. Injini ikiwaka, presha ya oili huwa juu kuliko ya kulanti, kwa hiyo oili huingia kwenye rejeta. Ukizima, presha ya oili hushuka mara moja, lakini kulanti ya moto bado ina presha yake, nayo huingia kwenye giaboksi. Ndiyo maana lazima uangalie na kijiti cha oili ya gia.

Kama uji umefika huko, gari livutwe, lisiendeshwe hata kilomita moja. Maji na glaikoli iliyomo kwenye kulanti hulegeza gundi inayoshika bitana za klachi. Kumwaga oili mara moja hakusafishi, kwa kuwa nyingi hubaki kwenye konveta, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi.

Kuthibitisha, fungua paipu zote mbili za oili kwenye rejeta, jaza kulanti, kisha pandisha presha kwa pampu ya kupimia hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi karibu baa 1. Subiri dakika 15. Kulanti ikichuruzika kwenye matundu ya oili, badilisha rejeta. Presha ikishuka na matundu yakabaki makavu, tafuta kwenye hosi, wota pampu au gasketi.

Hatua ya 3: Pima mtiririko

Kipimo hiki ndicho kinachookoa giaboksi nyingi, na hakuna sababu ya kukiruka. Hakikisha oili ipo kwenye kiwango na imepata moto, kwani baadhi ya magari yana valvu inayoizuia isiende kwenye kipoza ikiwa baridi. Zima injini, fungua paipu ya kurudi, ielekeze kwenye chombo chenye alama za lita. Vaa glavu. Gia ikiwa P, washa injini kwa sekunde 20 bila kukanyaga mafuta, usizidishe.

Kwa magari mengi, lita 1 hivi ni nzuri. Linganisha na kitabu cha gari lako. Ikiwa pungufu, rudishia oili iliyotoka kwa oili mpya, kisha rudia kwenye paipu ya kupeleka, kabla ya kipoza. Hapo ikitoka kwa nguvu, kipoza kimeziba. Ikiwa dhaifu hapo pia, shaka inahamia kwenye chujio au pampu ya ndani.

Hatua ya 4: Kubadilisha

Tumia hosi iliyotengenezwa kwa ATF. Ya hita huvimba na kulainika. Paipu ya chuma ikikatwa, mwisho wake utengenezwe uvimbe, hosi iupite kwa milimita 25, na klipu ikae nyuma ya uvimbe huo. Bila uvimbe, hosi huchomoka barabarani na giaboksi inabaki kavu ndani ya muda mfupi. Nati za rejeta zifunguliwe kwa spana mbili, moja ikishikilia kiungio kisizunguke. Oringi ziwe mpya, zipakwe ATF.

Hatua ya 5: Mtiririko ni mzuri, joto bado liko juu

Kipoza cha ndani ya rejeta hakiwezi kuipoza oili chini ya joto la kulanti inayokizunguka. Kagua feni, thamostati na matope kwenye mapezi ya rejeta. Ukiongeza kipoza cha nje kwa ajili ya kuvuta trela, kiweke baada ya rejeta, kwenye paipu ya kurudi.