Namna ya kuchora grafu ya idadi ya Wamaori

Binti yangu alipopewa kazi hii ya idadi ya Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, shuleni hapa Auckland, mara ya kwanza tuliiharibu: tuliunganisha nukta zote kwa mstari mmoja. Wewe chukua karatasi ya grafu, rula, penseli na kalamu za rangi mbili.

Anza na 1769, meli ya James Cook ilipofika Nyuzilandi. Weka 100,000 hivi, ila kwa kiduara kitupu, maana hayo ni makadirio, hakuna aliyehesabu. Nukta halisi ya kwanza ni sensa ya 1857–58: kama 56,000. Wazungu, waliokuwa 2,000 hivi mwaka 1840, tayari walikuwa wamewapita. Nukta ya 1896, kama 42,000, ndiyo ya chini kabisa.

Pembeni mwa mteremko huo andika sababu, na usiandike "maradhi" ukaridhika. Surua, kifaduro na kifua kikuu viliua wengi, kweli. Lakini kulikuwa na vita vya bunduki baina ya makabila yenyewe kabla ya Mkataba wa Waitangi (wa 1840, kati ya Waingereza na machifu wa Kimaori), kisha vita na serikali ya kikoloni miaka ya 1860, na ardhi kutaifishwa. Aliyenyang'anywa shamba hulala njaa, na homa haimpigi hodi mara mbili. Binti yangu aliandika ARDHI kwa herufi kubwa hadi karatasi ikatoboka.

Sasa tazama 1916 na 1921. Mstari unapanda, kama vile hakukutokea kitu. Kumbe mwaka 1918 homa ya mafua iliua Wamaori wapatao 2,500 kwa wiki chache tu! Sensa zimepita huku na huku ya msiba. Chora msalaba hapo katikati.

Ukifika 1986, badilisha rangi. Hapa ndipo tulipoharibu. Zamani serikali ilipima damu: nusu au zaidi, wewe Mmaori. Mwaka 1896 hata maisha yalipimwa. Chotara aliyeishi kizungu aliandikwa Mzungu. Tangu 1986 mtu hujitaja mwenyewe, kwa hiyo sehemu ya kupanda kule ni swali lililobadilika, si watoto waliozaliwa.

Sensa ya 2023 ina namba mbili: 887,493 waliojitaja kuwa Wamaori, na 978,246 wenye asili ya Kimaori. Weka zote, moja juu ya nyingine. Mimi nilipendekeza tuchukue wastani, nikanyang'anywa penseli.