Kabla Hujawauliza Wafanyakazi Kuhusu Bosi Wao

Fomu ya maoni ya siri kuhusu kiongozi wa timu hutengenezwa kwa nusu saa, na nyingi huharibikia hapo hapo. Linki inarushwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi Jumatatu asubuhi. Kufika mchana wamejaza watu wawili, wote wamempa bosi alama za juu kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Waliobaki wanaulizana pembeni: hii kitu imetoka wapi, na nani anayaona majibu?

Anza na swali lao hilo. Kabla hujaandika hata swali moja, taja kwa jina mtu atakayeona majibu ghafi, yaani yale yalivyoandikwa na wenyewe. Awe mmoja, wawili wakizidi sana, na asiwe kiongozi anayepimwa, wala rafiki yake wa chai ya saa nne, wala karani anayeripoti kwake. Ofisi ndogo isiyo na mtu wa namna hiyo ndani imtafute nje. Ikishindikana kabisa, usitumie neno "siri" kwenye tangazo. Watu wakijua wanaonekana watapima wenyewe la kusema. Ukiwaahidi siri na isiwe siri, mwaka ujao usitegemee majibu.

Kisha amua maoni haya ni ya nini. Ya kumsaidia kiongozi ajirekebishe, au ya kuamua cheo na mkataba wake? Wafanyakazi huandika tofauti kabisa wakijua mkate wa mtu uko mezani: mpole anaficha kasoro, mwenye kinyongo anaziongeza chumvi. Katika utumishi wa umma Tanzania tathmini ya kazi ina utaratibu wake. OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi ulioanza 2004, ulijengwa juu ya uwazi: mtumishi na msimamizi wake wanakubaliana malengo, wanayapitia, wanatia sahihi. Baadaye ukaja PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kwa kompyuta. Maoni ya siri yanayotoka chini kwenda juu ni kitu kingine, na ni vizuri yasiingizwe kwenye faili la tathmini. Yenye lengo la kujirekebisha ndiyo huwa ya kweli zaidi.

Sasa hesabu watu, maana hapa ndipo siri nyingi huvuja bila mtu kufanya ubaya wowote. Chukua timu ya ghala yenye watu saba, wawili kati yao wanawake, mmoja wa hao akiwa kazini tangu ghala lifunguliwe. Fomu inafunguka kwa kuuliza jinsia, umri na miaka ya utumishi. Yule mama amejulikana kabla hajafika swali la kwanza, naye anajua kwamba amejulikana, kwa hiyo anapiga alama nzuri kila mahali na kurudi kwenye maboksi yake. Maswali ya utambulisho yaondoe yote, usiache hata moja "kwa ajili ya takwimu". Jiwekee pia kiwango: majibu yakipungua matano, matokeo hayatolewi. Timu ya watu watatu au wanne haifai fomu kabisa. Afadhali mtu wa nje azungumze na kila mmoja, kisha alete mambo ya jumla tu.

Programu nayo ina midomo yake. Kwenye Google Forms, zima sehemu ya kukusanya barua pepe. Ukiweka sharti la kila mtu kujaza mara moja, mjazaji atatakiwa kuingia kwa akaunti yake, na hata kama wewe huioni, yeye anaiona anwani yake pale juu na moyo unamdunda. Mimi nisingeliweka sharti hilo. Ni heri mmoja ajaze mara mbili kuliko watano wasijaze. Microsoft Forms ikitumika ndani ya taasisi inaweza kurekodi jina la mjazaji, kwa hiyo hakikisha hilo limezimwa kabla ya kutuma. Halafu kuna safu ya tarehe na saa kwenye jedwali la majibu. Aliyejaza saa nane usiku ni wa shifti ya usiku, na shifti hiyo ina watu wawili. Ifute safu hiyo kabla jedwali halijakwenda kwa mtu mwingine.

Kwa wasio na simu janja, chapa karatasi za kuweka alama ya vema tu, bila mwandiko, na sanduku lake likae mbali na mlango wa bosi. (Lile sanduku la maoni la mapokezini, lenye vumbi na kufuli ambayo hakuna ajuaye ufunguo wake uko kwa nani, lisihesabiwe.)

Maswali yaulize kitu ambacho mfanyakazi amekiona kwa macho yake. "Kiongozi wako ni mzuri?" halina maana. "Ni mkali na mwenye haki?" ni maswali mawili, na jibu moja haliyatoshi. Kauli kama "huwezesha ushirikishwaji wenye tija" mtu huipa tatu kati ya tano ili apite. Andika hivi: "Nikikosea, ananirekebisha bila kunidhalilisha mbele ya wenzangu." "Akinipa kazi, naelewa kinachotakiwa na lini kinatakiwa." "Shifti za sikukuu anazigawa kwa zamu." Weka na nafasi ya "Sijawahi kuona", la sivyo watu watabahatisha. Kauli kumi hivi zinatosha.

Maswali ya kujieleza yawe mawili: aendelee na nini, abadilishe nini. Majibu haya yasimfikie kiongozi yalivyo. Kila ofisi ina mtu anayeweka nukta tatu kila baada ya maneno mawili, na kuna yule anayeandika "kimsingi" hata kwenye salamu; bosi atawatambua mara moja. Mwenye kuyapokea ayaandike upya kwa maneno yake, akiondoa matukio yanayomtambulisha mtu.

Jiandae pia na jambo zito. Mtu anaweza kutumia fomu hiyo kueleza wizi au rushwa ya ngono, ambayo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya 2007. Hilo si la kufupishwa kwenye ripoti ya stadi za uongozi. Amua mapema linapelekwa wapi, na juu ya fomu yenyewe onyesha njia nyingine ya kuripoti.

Kiongozi mwenyewe aambiwe kabla ya timu, aone maswali, ajue ataletewa nini. Maoni yanayomhusu ni taarifa zake binafsi pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Andika majibu yatakaa wapi, muda gani, na nani atayafuta. Kipindi nacho kichague: si wiki ya kufunga hesabu, wala mara baada ya mtu kufukuzwa.

Wastani usikudanganye. Watu sita, watatu wametoa moja na watatu wametoa tano, wastani ni tatu, na hakuna hata mmoja aliyesema tatu. Panga kuonyesha wangapi walitoa alama gani.

Mwisho weka tarehe ya mrejesho kwenye tangazo lilelile la kuwaalika watu kujaza. Siku hiyo kiongozi asimame mbele ya timu, ataje mambo mawili aliyoyasikia na moja atakalolibadilisha, bila kuuliza nani alisema. Kama hayuko tayari kwa hilo, ahirisha fomu.