Jinsi ya kuchimba historia ya redio ya AM iliyokufa zamani

Kila mtu anaikumbuka ile stesheni ya AM (mawimbi ya kati, si FM) ya zamani, ila uliza ilianza lini na ilizimwa lini uone, kila mmoja ana mwaka wake. Kama unataka kuandika historia yake usianzie kugugo, redio nyingi za hivi zilizima kabla intaneti haijashika kasi, utaambulia mistari miwili tu.

Anza na watu, tena mtafute fundi mitambo kabla ya mtangazaji. Mtangazaji atakupa stori tamu za enzi zake (nyingine kazitia chumvi, we sikiliza tu) lakini fundi ndo anajua transmita (mtambo wa kurusha matangazo) ilikuwa na nguvu ya kilowati ngapi na kwa nini ikifika usiku walikuwa wanapunguza nguvu. Hilo la usiku mbane vizuri, maana mchana AM inatambaa na ardhi, ila giza likiingia mawimbi yanadunda huko juu angani yanashuka mamia ya kilomita mbali na stesheni zinaanza kukanyagana, ndo maana zingine zilipewa leseni ya mchana peke yake, jua likizama wanafunga. Rekodi kwa simu. Na usimuulize "ilikuwa mwaka gani" atakudanganya bila kukusudia, muulize siku hizo mwanae wa kwanza alikuwa darasa la ngapi, mwaka utaupiga hesabu mwenyewe.

Baada ya hapo ndo karatasi. Mamlaka inayotoa leseni za utangazaji huwa na mafaili, Marekani kwa mfano FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, wana kadi za stesheni kuanzia 1927, unakuta kila badiliko la mmiliki, nguvu na mnara limeandikwa pale. Halafu kuna kitabu cha World Radio TV Handbook, kilianza kuchapishwa 1947, kinaorodhesha stesheni za dunia nzima na masafa yake (ile namba ya kilohezi unayoitafutia stesheni kwenye redio). Pitia toleo moja moja uone jina linaingia lini na linatoweka lini, ila usiape nayo, stesheni ikifa leo kitabuni inaweza kubaki hai hadi toleo linalofuata. Magazeti ya zamani yaliyokuwa yanachapa ratiba za vipindi yatakusaidia kubana tarehe.

Sasa mtego uliowanasa wengi. Unakuta masafa mawili tofauti unadhani ni redio mbili, kumbe ni moja. Tarehe 23 Novemba 1978 stesheni za AM za Ulaya, Afrika na Asia zilipangwa upya zikae kwa hatua za kilohezi 9, nyingi zikasogea kidogo. Amerika Kaskazini stesheni zilishahamishwa masafa kwa mamia tarehe 29 Machi 1941. Kinyume chake pia kipo, jina la stesheni iliyokufa linaweza kupewa redio nyingine kabisa, kwa hiyo ukiona jina linafanana tu usiunganishe, angalia masafa na mmiliki.

Nenda pia pale ulipokuwa mnara. Gawa 300,000 kwa kilohezi za stesheni unapata urefu wa wimbi kwa mita, robo yake mara nyingi ndo urefu wa mnara, yaani stesheni ya kilohezi 1000 tegemea mita 75 hivi. Chini walikuwa wanafukia nyaya za shaba kutoka kwenye kitako zimesambaa kama miali ya jua, kama watu wa vyuma chakavu hawajazing'oa unaweza kukuta mabaki. Picha za zamani za angani zinaonyesha hata kivuli cha mnara.

Ukibahatika kupewa kanda, tafadhali usiichomeke kwenye mashine hapohapo. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake imelainika, ukiicheza inabanduka na sauti inaenda nayo. Piga picha boksi na maandishi yake yote, kisha mpelekee mtu anayejua kuzikausha kwa joto dogo, anayejua kweli, si yule mwenye oveni tu.