Postdoki Marekani na mshahara haufiki mwisho wa mwezi? Jinsi ya kudai mkataba wa hali bora mkiwa pamoja

Hii naiandikia watu wa kwetu waliomaliza PhD, iwe Morogoro, Nairobi, Kampala au hukohuko Ulaya, wakapata nafasi ya postdoki, ile kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD, kwenye chuo cha Marekani, wakaagwa nyumbani kwa shangwe, halafu mwezi wa pili wakakaa na kalkuleta kodi ya nyumba ikakataa kuingia kwenye mshahara. Nilishakaa kwenye kamati ya majadiliano ya chama, nimekula pizza baridi saa nne usiku nikibishana na mawakili wa chuo kuhusu neno moja, kwa hiyo nakupa vile ilivyo.

Kwanza ujue wewe ni nani, manake postdoki ni popo, si ndege si mnyama. Mwanafunzi siyo, mhadhiri siyo, mkataba ni wa mwaka mwaka, hela inatoka kwenye mradi wa profesa, na viza imefungwa kwenye ile barua ya ajira. Halafu watu watatu wa maabara moja wanaofanya kazi ileile wanaweza kulipwa kwa njia tatu tofauti: mmoja mwajiriwa wa chuo, mwingine analipwa kwa ufadhili unaopitia chuoni, wa tatu mfadhili anamtumia hela moja kwa moja. Mkianza tu kujipanga, chuo kitakimbilia kusema hawa wa ufadhili si wafanyakazi, watoke. Msikubali kirahisi. Kule University of California, yenye kampasi 10, makundi yote matatu yamo ndani ya mkataba mmoja wa hali bora, yaani ule ambao chama kinasaini na mwajiri kwa niaba ya wote.

Sisi kilichotuamsha hakikuwa hotuba. Tulikuwa tumesimama mbele ya friza la nyuzi hasi 80, mimi na dada wa maabara ya jirani, glavu mkononi, natafuta boksi la sampuli silioni, akaniuliza tu, barua yako ya mwisho walikupa muda gani? Nikasema mwaka. Akanyamaza kidogo akasema yeye miezi mitatu. Mtoto wake alikuwa na miezi saba, na makaratasi ya kuongeza viza peke yake yanakula karibu muda huohuo. Alishaenda kwa profesa, profesa akasema hilo la HR, akaenda HR wakasema hilo la hela za profesa. Jioni ile tukaanza kuuliza watu wa korido yetu mmoja mmoja, tulikuwa 11, wanne walikuwa na barua za chini ya mwaka na kila mmoja alidhani ni yeye tu mwenye mkosi.

Basi hapo ndo pa kuanzia, kuulizana. Usianze na kipeperushi wala usifungue grupu la WhatsApp la watu 200, litajaa emoji na hakuna atakayekuja kikao. Chukua karatasi, chora jengo lako ghorofa kwa ghorofa, maabara kwa maabara, andika majina, kisha weka alama nani umeshaongea naye ana kwa ana. Ukienda kuongea funga mdomo zaidi ya unavyoufungua. Uliza nini kinakukera hapa, kisha subiri. Wengine watasema mshahara, wengine bima ya mtoto, mwingine atakwambia profesa wake anamtumia meseji Jumapili usiku. Ukishamsikia ndo umuulize, unadhani ukienda peke yako kuliomba hilo utapewa? Jibu analo mwenyewe. Na mtafute yule ambaye wenzake humfuata akiwa na shida ya mashine au ya maisha, mara nyingi siyo yule muongeaji wa vikao, ni fundi fulani mkimya ambaye kila mtu anamuamini. Ukimpata huyo umepata ghorofa nzima.

Wakati huohuo angalieni sheria inayowahusu, maana hapa watu hupotea. Chuo binafsi kinaangukia sheria ya kazi ya taifa ya mwaka 1935, inayosimamiwa na bodi inayoitwa NLRB. Chuo cha serikali kinafuata sheria ya jimbo lake, na majimbo hayafanani hata kidogo: California wana sheria yao ya wafanyakazi wa vyuo vikuu na bodi yao, wakati North Carolina sheria inakataza serikali kuingia mkataba wa pamoja na wafanyakazi wake. Ukiwa huko mnaweza kuungana na kupiga kelele, ila mkataba wa kisheria hamtaupata, bora ujue mapema usije ukawaahidi watu mbingu.

Mkishakuwa kikundi cha kueleweka, tafuteni chama kikubwa cha kuwabeba, kina wanasheria na wazoefu. Usishangae mapostdoki wengi wa Marekani wako chini ya UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, mimi mwenyewe nilicheka siku ya kwanza. Hao ndo waliobeba Columbia, University of Washington, Mount Sinai, Princeton na hao wa California. Kwenye chuo binafsi mnahitaji kadi za kuunga mkono chama zilizosainiwa na asilimia 30 ya wanaohusika ili bodi iitishe kura ya kuamua kama chama kiwawakilishe, lakini usithubutu kupeleka na 30, mtaliwa. Chuo kikishajua kitaleta vikao vya chai na barua pepe za upole kwamba sisi ni familia moja, na watu watarudi nyuma. Subirini mpaka mvuke 65, ikiwezekana 70. Pale NIH, ambao si chuo ila ni taasisi ya utafiti ya serikali, watafiti vijana walipiga kura Desemba 2023 na matokeo yakawa 1,601 dhidi ya 36. Kura za namna hiyo zinapatikana kwenye korido miezi mingi kabla, siku yenyewe ni kuhesabu tu.

Sasa viza, najua ndo swali lako tangu mwanzo. Haki ya kujiunga na chama na kudai kwa pamoja haiangalii pasipoti. Mwenye J-1, ile viza ya mabadilishano ya wasomi, mwenye H-1B, ile ya kazi, wote wamo, na mwajiri akikutishia viza kwa sababu ya chama anavunja sheria na mnaweza kumshtaki, ila kwenye bodi ya taifa una miezi sita tu tangu tukio, usilale. Kwa H-1B kanuni za uhamiaji zinasema wazi kwamba kushiriki mgomo peke yake hakuhesabiki kuwa umevunja masharti ya viza, tarehe yako ya kuondoka tu ndo inabaki palepale. Kwa viza nyingine, na hata hiyo, ongea na wakili wa uhamiaji wa chama kabla hujatoka kazini, siyo na mshkaji wa ghorofa ya tatu aliyesoma kitu Facebook. Na kuna ile ya watu kukaa barabarani kwa makusudi wakamatwe na polisi ili waonekane kwenye habari. Wewe mwenye viza hiyo si yako. Waachie wenye pasipoti ya huko, wewe shika bango pembeni au ukapike chai, hakuna atakayekuona mwoga.

Mmeshinda kura, sasa meza. Kabla hamjakaa fanyeni mambo mawili. Moja, dodoso kwa kila mtu, swali liwe fupi, kitu gani kimoja ukikipata utabaki na ukikikosa utaondoka. Pili, muombeni mwajiri takwimu kwa maandishi: mshahara wa kila postdoki, tarehe ya kuanza, urefu wa mkataba, idara. Hii ni haki yenu na analazimika kutoa zile zinazohusika na majadiliano. Tulipozipata zetu tukazimwaga kwenye Excel, tukapanga kwa urefu wa barua, na hiyo karatasi moja ilifanya kazi kuliko hotuba zetu zote, manake mkuu wa upande wao hakuwa anajua. Kweli kabisa, aliishika akaisoma mara mbili akaomba mapumziko.

Kamati ichaguliwe kwa kura na isiwe ya watu wa baiolojia peke yao, weka fizikia, weka watu wa sayansi ya jamii, weka mama mwenye mtoto mchanga, weka mtu wa viza. Mnaandika madai kifungu kwa kifungu, wao wanajibu, mnajibu, na kila kifungu mkikubaliana pande zote zinasaini pembeni kinawekwa kando. Kawaida mnaanza na visivyo vya hela, kama unyanyasaji, usalama maabara, kutofukuzwa bila sababu ya msingi, halafu hela mwishoni. Tahadhari hapo, msije mkachoka mkafika kwenye mshahara mmeshaishiwa pumzi, nao wanalijua hilo. Mtu mmoja ndo aongee mezani, wengine mkitaka kubishana ombeni kutoka nje mkabishane korido. Sisi kuna siku mwenzetu aliguna kwa furaha waliposema asilimia nne, akaonekana, na hatukupata tano tena.

Utasikia wimbo wa hela hakuna, hela ni za serikali, za mradi, maprofesa watafunga maabara. Sehemu yake ni kweli, bajeti za miradi ni finyu na profesa mdogo anaumia, usimdharau, mkae naye pia. Lakini chuo kinachukua fungu lake kwenye kila mradi kwa ajili ya gharama za uendeshaji, na mwajiri ni chuo, siyo profesa. Muulizeni kwa maandishi kuhusu fungu hilo kila wimbo huo unapokuja.

Wakikaza, presha ndo inafuata na inapanda ngazi kwa ngazi: barua iliyosainiwa na wengi, kwenda kwa wingi kwenye kikao chao, kisha kura ya kuruhusu mgomo. Hiyo kura si mgomo wenyewe, ni kuonyesha kwamba mnaweza. Mkigoma kweli, fikirieni kabla nani atalisha panya na nani atabadilisha chakula cha seli, maana mtu anayeogopa sampuli zake za miaka miwili zitakufa hatatoka, na sisi tulikaa na kila maabara tukaandika nini kitaachwa na nini hakiwezi kuachwa. Mfano mkubwa ni California tarehe 14 Novemba 2022, wafanyakazi wa kitaaluma kama 48,000 walitoka kwa pamoja, mapostdoki na wanafunzi na watafiti wengine. Mapostdoki walipitisha mkataba wao Desemba 9, kima cha chini kikapanda kutoka kwenye dola 55,000 na kitu, na wakapata likizo ya uzazi na familia ya wiki 8 kwa mshahara kamili. Ila kumbuka hao hawakuanza jana, chama chao kilitambuliwa 2008 na mkataba wa kwanza ulipatikana 2010. Karibu miaka miwili! Mkataba wa kwanza ndo huwa mgumu kuliko yote, jiandae.

Rasimu ikifika, isomeni yote kabla ya kupiga kura, mpaka vifungu vya nyuma. Tafuta kifungu cha kutogoma, kwa kawaida kipo, maana yake mkishasaini hamgomi mpaka mkataba uishe, kwa hiyo kila kitu kitategemea kifungu cha malalamiko. Hicho ndo kisome mara tatu. Kinasema una siku ngapi kulalamika, nani anasikiliza, na je mwisho wake ni mwamuzi wa nje au ni mkuu wa chuo mwenyewe. Kama ni mkuu wa chuo, mmenunua gari bila injini. Waulize wahadhiri wa Kenya, mkataba wao wa 2017 hadi 2021 ulisainiwa, halafu Septemba 2025 wakagoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba huohuo.

Baada ya hapo ni kazi ndogondogo zisizopendeza. Ukiitwa kwenye kikao na unahisi kinaweza kuishia kwenye adhabu, sema nataka mwakilishi wangu wa chama awepo, kisha nyamaza. Andika saa zako. Barua ya ajira ikija fupi kuliko mkataba unavyosema, usimpigie profesa, mpelekee mwakilishi siku hiyohiyo kwa sababu siku zinahesabiwa. Yule dada wa friza, barua yake ilirudishwa ikaandikwa upya, mwaka mzima, ilichukua wiki mbili na barua pepe tatu.

Kitu kimoja tulikosea, tusingeandika mngekikosea na nyie. Postdoki hakai, J-1 ya utafiti mwisho wake ni miaka mitano na wengi wanaondoka kabla, kwa hiyo ndani ya miaka miwili nusu ya kamati yetu ilikuwa imeshapata kazi kwingine, mmoja Seoul, mmoja Dodoma. Folda ya majina, ramani za majengo na zile takwimu ilikuwa kwenye akaunti ya chuo ya mwenzetu mmoja, naye alipoondoka chuo kikaifunga wiki hiyohiyo. Tukaanza kuchora ghorofa upya. Wekeni folda nje ya akaunti za chuo, nenosiri liwe kwa watu watatu, na mmoja wao awe aliyefika mwaka huu.