Santuri za uzeeni: zipangie mwenyewe kabla hazijapangiwa

Ukitaka kuamua santuri zako za zamani ziende wapi, anza na daftari, mnunuzi baadaye. Santuri nyingi za dansi na taarabu za miaka ya 1960 na 1970 zina lebo yenye jina la bendi, jina la wimbo na namba, basi. Nani alipiga solo, wimbo ulimsema nani, hayo yamo kichwani mwako. Kwa kila sahani andika bendi, nyimbo za pande zote mbili, namba ya lebo, na ile namba iliyochorwa kwenye sahani yenyewe, pembeni ya lebo, ambayo husaidia kutambua toleo la kwanza na lililorudiwa. Mkono ukichoka, mjukuu awashe kinasa sauti cha simu, nawe utaje namba kwanza ndipo usimulie. Sahani ishirini kwa siku zinatosha. Zikizidi utaanza kuruka.

Tenga zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na sahani za enzi ile ndizo hizi: za shelaki, zikianguka zinavunjika kama kigae. Usizifute kwa spiriti hata kidogo, maana huyeyusha uso wake. Tumia kitambaa laini na maji yenye tone la sabuni ya vyombo, fuata mzunguko wa mistari, lebo isiguse maji, kisha ikaushe ikiwa imesimama. Za plastiki, yaani za mizunguko 45 na 33, zisafishe hivyo hivyo, ila mwishoni zisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, yale ya kujazia betri. (Soma chupa vizuri: dukani tindikali nayo huitwa maji ya betri.) Zenye ukungu zifanyie kazi nje, umevaa barakoa.

Sasa rekodi, kabla hujampa mtu yeyote. Sahani ya 78 inataka sindano nene yake. Sindano ya kawaida huzama chini ya mfereji, na utasikia mikwaruzo kuliko uimbaji. Hifadhi kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, biti 24, kilohezi 96. Saa moja hula karibu GB 2. Santuri 300 za 45, kila upande dakika nne, ni saa 40, kama GB 83. Nunua diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. MP3, faili lililobanwa, ni ya kumtumia shangazi kwenye simu; isiwe nakala yako pekee.

Wanunuzi kutoka Ulaya na Marekani wapo, na wengi wanajua wanachokitafuta. Kosa kubwa ni kumruhusu mmoja achague kumi kwanza: anaondoka na nyama, wewe unabaki na mifupa. Angalia kwenye Discogs, tovuti ya kuuzia na kuorodhesha santuri, bei ambazo sahani ziliuzwa kweli, maana bei iliyotajwa na muuzaji ni matumaini yake tu. Ama uuze zote pamoja, ama uuze moja moja kwa bei yake. Na usisaini karatasi inayosema unampa haki ya kutoa upya nyimbo. Wewe unamiliki sahani. Haki za wimbo si zako.

Ukitaka kukipa chuo cha muziki au maktaba, uliza kama wana mashine ya kuchezea 78, kama chumba hakivuji, na kama watakuandikia risiti yenye orodha. Jibu la kigugumizi, rudi nazo nyumbani.

Kwa Waislamu, wasia kwa asiye mrithi hauzidi theluthi ya mali bila ridhaa ya warithi. Hiba ukiwa hai ni njia nyingine, lakini hukamilika kwa kukabidhi: kumwambia kijana "hizi zako" huku zimebaki kabatini kwako ndiko kunakozua ugomvi matangani.

Wakati unasubiri, zisimamishe wima, zisikae chini ya bati wala kwenye jua la dirishani, kwani plastiki hupinda. Zilizovunjika, piga picha lebo pande zote mbili ndipo utupe.