Kaliandra kihambani: majani ya ng'ombe bila kushuka tambarare

Sisi wanawake wa Marangu, mlimani Kilimanjaro, tunaujua mzigo wa majani. Ng'ombe yuko bandani, kihamba, yaani shamba la nyumbani, kimejaa migomba na kahawa, pa kuchungia hakuna. Kiangazi kikikaza unashuka tambarare upande wa Himo, unakata nyasi, halafu unaupanda mlima nazo kichwani au unalipia gari. Mgomba unasaidia, ila shina lake ni maji matupu. Ng'ombe atashiba, maziwa hutayaona.

Ndiyo maana nawaambia akina mama wenzangu: pandeni kaliandra, kichaka cha malisho. Na sababu yangu ya kwanza si maziwa. Kihamba ni cha ukoo wa mume. Kahawa ni ya baba, mgrevilea ukishanenepa ni mbao za baba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume, lakini huku kwetu mti mkubwa bado una mwenyewe. Kaliandra ni kichaka, hakuna fundi anayekitolea macho. Majani yanaliwa na ng'ombe, na maziwa toka zamani ni ya mama.

Hata hivyo mwambie mzee kabla hujachimba, hasa kama unapanda mpakani. Huku kwetu kupanda mti ni kama kudai ardhi. Ukiuchomeka usiku usiku, shemeji ataona unasogeza shamba. Masale yaliyopo, ile mimea ya kuonyesha mpaka, usiyaguse. Panda kwa ndani, hatua moja kutoka yalipo.

Kitalu anza Desemba, miche iwe tayari masika yakianza Machi. Mbegu iloweke kwenye maji ya baridi siku mbili kamili. Maji ya moto waachie wanaopanda lusina, mti mwingine wa malisho. Jaza viriba udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, na kama jirani ana kaliandra iliyokomaa, omba kopo moja la udongo wa chini yake uchanganye humo. Kuna bakteria wanaoishi kwenye mizizi yake na kuipatia naitrojeni kutoka hewani, na udongo huo ndio unaowaleta. Fukia mbegu kina cha sentimita moja tu, weka kivuli chepesi cha majani makavu ya mgomba, mwagilia asubuhi.

Sasa wapi pa kupanda. Ng'ombe mmoja wa maziwa anahitaji vichaka kama 500 ukitaka umlishe mwaka mzima. Usishtuke. Ukipanda kwa futi mbili mbili ni mstari wa mita 300 hivi, na mstari huo unaukatakata: kipande mpakani, kipande juu ya kingo za matuta, kipande kando ya njia ya kwenda bandani. Kwenye kingo mizizi inashika udongo mvua kubwa zinapokuja. Chini ya migomba iliyosongamana usihangaike, kitarefuka kama fito bila majani. Panapotuama maji pia hapafai. Karibu na mfongo, yaani mfereji wa maji, panda sehemu ya juu iliyoinuka. Ukiwa na vichaka 100 tu, anza navyo, mbuzi watashukuru.

Usikate kabla ya miezi tisa, na mwaka mzima ni bora zaidi. Kata usawa wa kiuno, karibu mita moja kutoka ardhini, kwa panga kali ili shina lisipasuke. Ukikata chini sana machipukizi yanakuja kidogo na kichaka kinazeeka upesi. Kisha kipumzishe miezi miwili hivi kabla ya kurudia. Zungusha: leo upande huu, wiki ijayo upande mwingine. Vijiti vinavyobaki ni kuni nzuri za kuivisha ndizi.

Kilo tatu za majani mabichi zinafanya kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Mpe kilo tatu asubuhi na tatu jioni wakati wa kukamua, juu ya majani yake ya kawaida. Usimjaze kaliandra tupu; ina ukakasi, na ikizidi theluthi ya chakula chote haimfai. Mpe siku ileile uliyokata. Yakinyauka yanakuwa magumu tumboni, na ng'ombe mwenyewe anayasukuma kwa pua. Ambaye hajawahi kuyala, muanzishie kiganja kimoja kilichochanganywa na pumba, atazoea siku chache.

Vichaka viwili vitatu vya pembeni viache bila kukata. Vitatoa maua mekundu, nyuki watakuja, na mbegu za mwakani utazipata hapo. Chuma maganda yakishageuka kahawia lakini kabla hayajapasuka, yaanike juani, na uyafunike kwa kanga kuukuu au chandarua: yakikauka yanapasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mpaka kwenye banda la kuku.